Sarafu Ishirini na Somo la Wepesi

  

Leo nina ombi kabla sijaanza. Kama uko nyumbani, tafuta sarafu. Zile za shilingi 200, zenye picha ya Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Ukipata ishirini, vizuri sana. Jumla yake ni shilingi 4,000 tu, na mwisho wa mchezo kila mtu atarudishiwa zake. Kama huna, chukua vizibo vya soda. Ziweke mezani. Tutazihitaji baada ya dakika chache.

Wakati unatafuta sarafu, nikuulize swali. Umewahi kupeleka barua mahali, barua ya kawaida tu, ikahitaji kupita kwa watu wanne? Wa kwanza anaisoma, wa pili anaiandikia maoni, wa tatu anatia sahihi, wa nne anapiga muhuri. Ukijumlisha kazi yenyewe haifiki nusu saa. Lakini wewe unarudi wiki ya kwanza, unarudi wiki ya pili, na kila ukiuliza unajibiwa kwa upole kabisa: "Iko mezani kwa fulani." Sasa hebu tufikiri pamoja. Nusu saa ile imegeukaje wiki mbili? Je, wale watu ni wavivu?

Mimi nasema si wavivu. Na leo, kwa sarafu ishirini, nataka uone kwa macho yako kwamba kazi nyingi hazichelewi mikononi mwa watu, zinachelewa mezani. Lishike hilo, nitalirudia.

Haya, twende Tunguu. Ukitoka Mjini ukapita Mwanakwerekwe na Jumbi, unafika Tunguu, pahala ambapo zamani tulipajua kwa mashamba na sasa tunapajua kwa vyuo. Kipo Chuo Kikuu cha Zanzibar, na ipo kampasi ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Vijana wanashuka kwenye magari asubuhi na kompyuta zao mgongoni. Wengi wao wanasoma mambo ya kompyuta, na siku watakapokwenda kuomba kazi, iwe Fumba ambako tangu 2022 tunasikia habari za mradi wa teknolojia wa Silicon Zanzibar, iwe Dar es Salaam au Nairobi, kuna neno moja wataulizwa: ajaili. "Unaijua ajaili? Umewahi kufanya kazi katika timu ya ajaili?"

Ajaili ni nini? Usiogope, msikilizaji. Tafsiri yake ya karibu ni wepesi: ule wepesi wa paka, anayeweza kugeuka akiwa hewani. Ni namna ya watu kufanya kazi pamoja kwa vipande vidogo, kumwonesha mwenye kazi kila kipande kinapokwisha, kusikiliza anachosema, na kujirekebisha kabla ya kipande kinachofuata. Ni hilo tu. Mengine yote, vikao vyake, mbao zake na majina yake makubwa makubwa, ni mapambo juu ya hilo.

Na neno hilo limetoka wapi? Mwezi wa Februari 2001, watengeneza programu 17 walikutana Snowbird, kwenye milima ya Utah kule Marekani. Walikuwa wamechoka. Wamechoka na miradi ya kompyuta inayoandikiwa mpango mnene kama msahafu, ikajengwa kwa miaka, kisha ikafunguliwa mbele ya mteja naye akasema: "Sicho nilichotaka." Wakaandika tamko fupi la ajaili. Kwa maneno yetu, walisema hivi: watu na mazungumzo yao yatangulie mbele ya taratibu na vifaa; programu inayofanya kazi itangulie mbele ya makaratasi; kushirikiana na mteja kutangulie mbele ya kubishania mkataba; na kukubali mabadiliko kutangulie mbele ya kung'ang'ania mpango. Mwaka huohuo wa 2001 ndio SUZA ilipoanza kazi, kwa sheria iliyopitishwa 1999. Kwa hivyo chuo chetu na tamko lile ni marika.

Lakini fikra yenyewe ina umri mkubwa zaidi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, bwana mmoja wa Kijapani, Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, alikuwa akijiuliza swali kama letu la barua: kwa nini kiwanda kimejaa vipuri vilivyokwisha kutengenezwa, na magari hayatoki? Alichokifanya kilikuwa chepesi. Kila kituo kisitengeneze kipuri mpaka kituo kinachofuata kikiombe, na maombi yaje kwa kadi ndogo. Kadi hiyo wakaiita kanban. Kwa Kijapani neno hilo maana yake ya asili ni kibao cha tangazo, kama kile kinachotundikwa mlangoni mwa duka. Sasa na sisi tunacho kibao. Tunacho cha mbuzi, cha kukunia nazi. Cha kuionea kazi ndicho hatuna.

Tuache Japani, turudi jikoni, kwa sababu somo hili akina mama wa Unguja walilijua kabla ya Ohno.

Kwetu, mwezi wa Ramadhani, sambusa zilikuwa kazi ya watu wanne. Mmoja anakata manda, mmoja anatia nyama, mmoja anafunga na kugandisha kwa unga uliokorogwa na maji, na mmoja yuko kwenye karai. Mwaka mmoja sisi watoto tuliamua kujifanya wataalamu. Tukasema: tukate manda zote kwanza, kisha tutie nyama zote, kisha tufunge zote, halafu ndiyo tukaange. Ikaonekana kazi safi kabisa. Sinia limepangwa sambusa mbichi, pembe zote zimeelekea upande mmoja, unatamani kupiga picha. Jua linakwenda. Mwenye karai amekaa, hana cha kukaanga. Zikaja kutumbukizwa sambusa tano za mwanzo, na zote tano zikafunguka. Nyama ikatawanyika ndani ya mafuta. Kumbe unga wa kugandishia ulikuwa mwepesi mno, maji yamezidi. Na sinia zima lilikuwa limefungwa kwa unga uleule.

Mama mkubwa hakugomba. Alichukua sambusa moja akaifungua kwa kidole, akatazama, akasema: "Mngekaanga moja mwanzo, mngejua." Adhana ya Magharibi ikatukuta tunafungua na kufunga upya.

Msikilizaji, ile sentensi ya mama mkubwa ndiyo ajaili yote. Kaanga moja mwanzo.

Sasa sarafu zako ziko tayari? Tucheze. Mchezo huu unachezwa na walimu wa timu za kompyuta pahala pengi duniani, wanauita mchezo wa sarafu, na hauhitaji umeme wala intaneti.

Ketini wanne kwa mstari mezani. Wa tano awe mteja, akae mwisho wa meza. Wa sita ashike simu apime muda. Sarafu zote ishirini ziwe mbele ya mtu wa kwanza, Mzee Karume akitazama juu. Kazi ya kila mtu ni moja: kuigeuza kila sarafu mara moja kwa mkono wa kushoto, kisha kumsogezea jirani. Wa kwanza akigeuza anatoka simba, wa pili anarudi Mzee Karume, wa tatu simba, wa nne Mzee Karume. Mteja anapokea sarafu ikiwa na Mzee Karume juu. Akiona simba, basi kuna mtu kairuka.

Mzunguko wa kwanza: fungu la ishirini. Mtu wa kwanza ageuze zote ishirini ndipo asogeze. Wa pili vivyo hivyo, mpaka mwisho. Tuseme kila sarafu inachukua sekunde moja. Wa kwanza sekunde 20, wa pili 20, wa tatu 20, wa nne 20. Mteja anapokea baada ya sekunde 80. Sasa mtazame yule mtu wa nne. Kwa sekunde 60 alikuwa akifanya nini? Alikuwa anatazama dari. Ndiye yule mwenye karai.

Mzunguko wa pili: fungu la tano. Ukishageuza tano, sogeza, endelea na tano nyengine. Watu ni walewale, sarafu ni zilezile, mkono ni uleule wa kushoto. Mteja anapata sarafu tano za mwanzo kwenye sekunde ya 20, na kazi yote inakwisha sekunde ya 35.

Mzunguko wa tatu: mojamoja. Geuza, sogeza. Geuza, sogeza. Mteja anashika sarafu ya kwanza sekunde ya nne tu, na ya mwisho sekunde ya 23.

Mezani kwako hesabu haitatoka hivihivi, kwa sababu kuna atakayeangusha sarafu na kuna atakayecheka. Lakini utaliona jambo lilelile: kutoka sekunde 80, tukaja 35, tukaja 23.

Swali langu sasa: nani aliongeza kasi? Fikiri kabla hujajibu. Mtu wa kwanza kageuza sarafu ishirini, sekunde moja kwa kila sarafu, katika mizunguko yote mitatu. Wa pili hivyohivyo. Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyetoka jasho. Kilichopungua ni muda ambao sarafu zilikuwa zimelala mbele ya mtu zikisubiri nyengine. Ndiyo maana nikasema mwanzo, na narudia: kazi hazichelewi mikononi, zinachelewa mezani.

Na hapa pana jambo ambalo kila kiongozi anayenisikiliza alishike vizuri. Tuseme wewe ni bosi, umesimama nyuma ya mtu wa kwanza, unampima yeye peke yake. Katika mzunguko wa kwanza utamwona hodari: kainama, kageuza ishirini bila kupumua, kamaliza, kakaa. Katika mzunguko wa tatu utamwona anageuza moja, ananyanyua mkono, anasogeza, anarudi. Huenda hata akatumia muda mrefu kidogo, kwa sababu kusogeza nako ni kazi. Ukimpima yeye, utasema njia ya zamani ni bora. Ukimpima mteja, utasema kinyume chake. Sisi wengi maofisini tunapima watu: nani kawahi, nani kainama, nani yuko mbioni. Hatuifuati kazi yenyewe kujua imelala wapi.

Sasa tuongeze chumvi kidogo. Mnong'oneze mtu wa pili, kwa siri, airuke sarafu yake ya kwanza asiigeuze. Katika mzunguko wa fungu la ishirini, mteja atamwona simba baada ya sekunde 80. Na hapo itaanza kesi: "Si mimi." "Mimi niligeuza zote." Katika mzunguko wa mojamoja, simba anaonekana sekunde ya nne, wa pili bado anakumbuka, anasema "nisamehe, ni mimi," na sarafu zilizobaki zinakwenda sawa. Kosa ni lilelile. Kilichobadilika ni siku ya kugunduliwa kwake, na siku hiyo ndiyo bei yake.

Tulete hilo kwenye kompyuta. Kikundi cha vijana wanne wanamtengenezea mwenye duka programu ya mauzo. Njia ya fungu kubwa: miezi sita wanajifungia, wanaandika kila kitu, siku ya mwisho wanamletea imepambwa. Mwenye duka anaiangalia, anaisifu, halafu anauliza: "Sasa wanangu, mbona sioni pa kuandika deni? Huku tunakopesha." Kimya. Daftari la madeni, ambalo liko kwenye kila duka la mtaa hapa Unguja, halimo. Na kulitia sasa ni kubomoa nyumba iliyokwisha kupauliwa. Njia ya wepesi: baada ya wiki mbili wanamwonesha kitu kidogo sana, kuuza bidhaa moja na kutoa risiti. Kibaya, hakina rangi. Lakini swali la deni litaulizwa siku hiyo, na litatibiwa siku hiyo. Kaanga moja mwanzo.

Lipo jambo jengine katika mchezo huu, nalo wengi wanalisahau. Baina ya mzunguko na mzunguko, mwalimu mzuri hawaachi wachezaji waruke moja kwa moja. Anawapa dakika mbili wazungumze. Nini kimetukwamisha? Tubadilishe nini? Utasikia mmoja anasema, "Meza hii ina mkeka, sarafu hazitelezi, tuuondoe." Mwengine anasema, "Mimi natumia mkono wa kulia kwa kawaida, nikae upande ule." Mambo madogo, lakini yametoka kwa wafanyaji wenyewe. Bosi aliyesimama mlangoni asingeyajua. Timu za ajaili zina kikao kama hiki kila baada ya wiki mbili hivi, na fikra inayofanana nayo iliingia katika viwanda vya Tanzania kwa jina la kaizen, kwa mradi uliosaidiwa na Japani kuanzia 2013: kila siku tengeneza kidogo, na sikiliza aliye karibu na kazi.

Tena lipo lile walilolisema wazee: mshika mbili moja humponyoka. Katika ubao wa kazi wa timu hizi mna safu tatu. Ya kufanya, inafanywa, imekwisha. Kila kazi inaandikwa kwenye kikaratasi, na kikaratasi kinahama. Ile safu ya katikati, ya "inafanywa", inawekewa mpaka: mathalan kazi tatu, basi. Ya nne haingii mpaka moja itoke. Mtu akikuuliza kwa nini, muoneshe sarafu. Kazi kumi zilizoanzwa na hakuna iliyokwisha, mteja hajapata hata moja.

Sasa tusije tukadanganyana. Je, mojamoja ni bora kila pahala? Hapana. Boti ya kwenda Dar es Salaam haiondoki na abiria mmoja, na ikifanya hivyo nauli itatushinda. Pahala ambapo kusogeza kuna gharama kubwa, fungu litakua. Kama faili linatoka Tunguu kwenda Mjini, hutompandisha mtu garini kwa kila karatasi. Kwa hivyo mchezo haukwambii "kila kitu kimoja kimoja". Unakwambia: punguza fungu, uone. Likipungua na mambo yakaenda vizuri, punguza tena. Na pale kusogeza kunapokuwa ghali, jiulize kwanza kunaweza kurahisishwa vipi.

Na jengine, wasikilizaji wangu. Wapo watakaosikia neno wepesi wakadhani nasema haraka. Wazee wetu walishatuonya kwamba haraka haraka haina baraka, na mimi nawaunga mkono. Mchezo wetu ni shahidi: hakuna aliyekimbia. Ukiwaamrisha watu wanne wa mzunguko wa kwanza wakimbie, sarafu zitaanguka chini ya meza, na mtu wa nne atabaki anatazama dari kama kawaida.

Basi tufupishe tuliyosema. Moja, gawa kazi vipande vidogo. Mbili, mwoneshe mwenye kazi kipande cha kwanza mapema, kingali kibaya. Tatu, simameni mara kwa mara mjiulize kinachokwamisha. Nne, maliza moja kabla ya kuanza nyengine. Na juu ya yote, fuata kazi ujue inalala wapi.

Nakuachieni kazi ya nyumbani. Walimu wa skuli, mchezo huu unafaa hata darasa la sita, vizibo vinatosha. Vijana wa Tunguu, msingoje kampuni ije kuwafundisha ajaili. Kaeni chini ya mwembe na sarafu zenu, nusu saa inatosha, kisha uangalieni mradi wenu wa mwisho wa masomo kwa jicho hilo. Na wakuu wa ofisi, kesho asubuhi chagueni barua moja tu iliyoingia leo, muifuate kwa miguu kutoka meza hadi meza. Andikeni pembeni imeshikwa dakika ngapi, na imelala siku ngapi. Msimgombeze mtu. Someni namba mbili hizo, kisha tuzungumze wiki ijayo, panapo majaaliwa.

Na zile sarafu, warudishieni wenyewe. Kwaherini.